Matabaka Saba ya San Antonio

Nilikuwa nimesimama katikati ya duka kubwa mjini San Antonio, Texas, nimeshika kopo la maharagwe yaliyopondwa, nikisoma herufi ndogo za ubavuni, ndipo nikakuta neno lililonifanya nilirudishe rafuni: manteca. Kwa Kihispania cha huko, hayo ni mafuta ya nguruwe. Dada yangu alikuwa amenionya asubuhi ile, na bila onyo lake ningelibeba hadi nyumbani, na karamu yake ingeharibika kabla mgeni wa kwanza hajagonga mlango.

Nilikuwa na wiki mbili tangu nitoke Tanga. Dada ni muuguzi, ameishi San Antonio miaka 11, na katika likizo yangu yote alinipa kazi moja tu: nimpikie karamu ya Super Bowl. Hiyo ni fainali ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi zaidi kuliko unavyopigwa kwa mguu, na siku hizi huchezwa Jumapili ya pili ya Februari. Mimi nimepika katika harusi, katika maulidi, katika arobaini za watoto. Kupikia mpira sikuwahi. Huko, siku hiyo, hata mtu asiyejua timu zinazocheza hualikwa kwa watu na kuulizwa ataleta chakula gani, na Texas nzima hujibu vitu vile vile vichache. Kimojawapo ni sahani ya matabaka saba.

Niieleze sahani yenyewe. Ni bakuli pana la kioo la kuokea, urefu wake sentimita 33 hivi, upana 23, kina chake vidole vitatu. Chini kabisa hulazwa maharagwe yaliyopondwa. Juu yake parachichi, kisha krimu chachu, kisha jibini iliyoparwa, nyanya, zeituni nyeusi, na mwisho vitunguu vya majani. Kioo ni cha lazima, maana mgeni anatakiwa aione mistari ubavuni kabla hajaonja: kahawia, kijani, nyeupe, njano, nyekundu. Kijiko hakihusiki. Kila mtu huchukua kipande cha chapati ya mahindi kilichokaangwa kikakauka, akachota toka juu hadi chini apate matabaka yote kwa mkupuo mmoja.

Ijumaa nilijaribu peke yangu, kwa kufuata maelezo ya dada ambaye alikuwa zamu hospitalini. Nilikata nyanya kama ninavyozikata za kachumbari, nikazimwaga juu, nikafunika, nikaweka friji. Asubuhi ya Jumamosi nilikuta kidimbwi. Nyanya zilikuwa zimetoa maji usiku kucha, maji yameiingia krimu na kuigeuza rangi ya waridi, yakateremka pembeni mwa kioo hadi kwenye maharagwe. Parachichi lilikuwa limejitokeza kwenye pembe moja ambako krimu haikufika, na hapo limekuwa jeusi. Dada aliangalia, akaniambia, "Mdogo wangu, kesho twende kwa Doña."

Doña ni jirani wa ng'ambo ya barabara, bibi wa miaka zaidi ya 70, mwenye mti mkubwa wa pekani uani, mti ambao ndio mti rasmi wa jimbo la Texas. Nitamwita Doña tu, kama mtaa mzima unavyomwita. Ni neno la heshima, linakaribiana na "Bi" yetu ya mbele ya jina la mwanamke mtu mzima. Anazungumza Kihispania na Kiingereza katika sentensi moja. Watu wake wameishi hapo tangu hapo palipokuwa Meksiko, kwa maana Texas ilikuwa ya Meksiko hadi 1836, ilipojitenga kwa vita ambavyo ngome ya Alamo, iliyo katikati ya mji, imebaki kuwa kumbukumbu yake. Ikawa nchi peke yake kwa miaka tisa, na mwaka 1845 ikaingia Marekani. Wenyeji wa asili hiyo wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka wao. Mtu wa Tanga huelewa haraka, maana mpaka uliochorwa kwenye karatasi ulipita pia katikati ya Wadigo, wengine wakawa Wakenya na wengine Watanganyika.

Kwa kuwa Jumamosi ilikuwa imeshaharibika, dada alinipeleka mjini. Palikuwa na baridi kidogo ya asubuhi, ya kuvaa sweta. Tulianzia Market Square, soko la zamani la Kimeksiko, ambako karatasi za rangi zilizotobolewa nakshi huning'inia juu ya vichochoro, na ambako mkahawa wa Mi Tierra umekuwa ukilisha watu tangu 1941. Tukanywa kahawa na mikate yao mitamu. Kisha tukatembea hadi Military Plaza, uwanja ambao leo umekaliwa na jengo la halmashauri ya mji, na hapo dada akaniambia habari ambayo nimekaa nayo tangu siku hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika uwanja huo, jua likishazama, walikuja wanawake wa Kimeksiko na meza, taa za mafuta, na masufuria ya nyama iliyopikwa kwa pilipili. Waliitwa malkia wa chili. Wapagazi, askari, wasafiri wa treni na matajiri wote walikaa kwenye benchi zile zile, wakala kwa senti chache. Ndizo meza zilizowafundisha Wamarekani ladha ya Texas. Jengo la halmashauri lilipojengwa, wakahamishwa. Wakaenda viwanja vingine. Na katika miaka ya 1930 kanuni za afya za mji zikawabana hadi biashara yao ikafa. Niliposikia hivyo niliwaona mama lishe wetu, wanaopanga masufuria alfajiri bila kujua kama saa nne watakuwa bado wapo pale pale. Chakula ambacho leo kinauza jina la San Antonio duniani kilipikwa na wanawake walioondolewa uwanjani, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Inaniuma, na sioni sababu ya kuficha kwamba inaniuma.

Jumapili saa moja asubuhi tulikuwa jikoni kwa Doña. Alikuwa ameshamwaga maharagwe mezani.

Hapo ndipo mikono yangu ilipopata nyumbani. Alikaa upande wake, mimi upande wangu, tukachambua: jiwe huku, punje iliyokunjamana kule. Ni maharagwe ya pinto, ya rangi ya maziwa yenye madoadoa ya kahawia kama yai la kware. Wakenya wanayo ya jamii hiyo na wanayaita mwitemania. Neno pinto lenyewe kwa Kihispania lina maana ya chenye madoa. Doña haloweki. Huosha, huweka maji mengi, kitunguu kizima kilichokatwa mara mbili, punje nne za vitunguu saumu, na moto mdogo kwa saa mbili na nusu au zaidi. Chumvi huitia karibu na mwisho. Nilimwuliza kuhusu mafuta, na nikamweleza kwamba sisi ni Waislamu na manteca hatuli. Aliweka mkono juu ya mkono wangu. "Mija," akasema, yaani mwanangu, "manteca ni ladha. Lakini ladha tutaitafuta kwingine."

Aliitafuta kwenye kitunguu. Alimimina mafuta ya mahindi kwenye kikaango kizito cha chuma, akatia kitunguu kilichokatwa vidogo, akakiacha kiive polepole hadi kikawa rangi ya asali ya nyuki wadogo. Ndipo akamwaga maharagwe pamoja na mchuzi wake, akaanza kuponda humo humo kikaangoni. Wengi hudhani neno refritos, ambalo ndilo jina la maharagwe haya, lina maana ya kukaangwa mara ya pili. Sivyo. Kwa Wameksiko kiambishi kile cha mwanzo huongeza nguvu: ni maharagwe yaliyokaangwa sawasawa, yakakolea. Doña aliniambia niangalie sakafu ya kikaango. Ukipitisha mwiko, chuma kionekane kwa kitambo kisha maharagwe yakifunike tena taratibu. Yakikifunika haraka, bado ni uji. Yasipokifunika kabisa, yamekuwa ugali na yatavunja vipande vya wageni.

Kisha akatoa molcajete, kinu chao cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, akasaga humo bizari nyembamba. Harufu ilipotoka nilisimama. Ilikuwa ni pilau. Ni bizari ile ile ambayo Wazanzibari huiita uzile, iliyojaza jikoni za utoto wangu kila sikukuu, na hapa ilikuwa inaingia kwenye maharagwe, umbali wa bahari mbili kutoka Tanga. Wapo wanaosema kupenda bizari kwa watu wa San Antonio kulianza na walowezi wa Visiwa vya Kanari, ambao mfalme wa Hispania aliwaleta hapo mwaka 1731. Visiwa hivyo viko ng'ambo ya Moroko. Ukiifuata bizari kutoka kwa Waarabu, tawi moja linafika Pemba na lingine linafika Texas.

Wakati maharagwe yakipoa, maana lazima yapoe kabisa kabla parachichi halijayagusa, tulikaa barazani na nikamwuliza swali lililonikaa tangu Ijumaa. Hiki chakula ni cha Meksiko kweli?

Alitikisa kichwa. Alikulia kwenye meza ya mama yake aliyepika kila kitu cha Kimeksiko, na sahani hii hakuiona hadi alipokuwa mwanamke mwenye watoto. Anayosema yanalingana na kumbukumbu zilizopo: chakula hiki kilienea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupitia magazeti ya akina mama na karamu za majumbani, na Texas ndiyo inayotajwa kuwa kwao. Jioni yake mgeni mmoja aliyezaliwa Monterrey, kaskazini mwa Meksiko, alituambia hajawahi kukiona hadi alipohamia Texas. Kwao mpira huangaliwa na nyama choma. Mwaka 1972 mwandishi Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi na kupika Meksiko kwa miaka mingi, alitoa kitabu kikubwa cha mapishi ya Kimeksiko ambamo alitenga wazi chakula cha Meksiko na kile cha mpakani. Tangu hapo jina Tex-Mex, ambalo ndilo la chakula hicho cha mpakani, limebebeshwa dharau, kana kwamba ni chakula bandia.

Mimi dharau hiyo siikubali. Angalia matabaka. Maharagwe, parachichi, nyanya, pilipili na mahindi ni mimea ya watu wa asili wa Meksiko na jirani zake, waliyoilea maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika. Krimu na jibini hazikuwepo, kwa sababu ng'ombe hawakuwepo; walikuja na Wahispania. Jibini tuliyotumia ni cheddar, ambayo asili yake ni kijiji cha Uingereza. Zeituni ni tunda la Mediterania, lililopandwa California na watawa wa Kihispania na baadaye kutiwa makopo huko huko. Sahani hii ni Texas yenyewe, iliyopangwa kwa tarehe: mwenyeji chini, mgeni juu yake, kiwanda kileleni. Ni chakula cha kweli cha mahali pa kweli. Kosa ni kukiita cha Meksiko, maana hapo Mmeksiko ananyimwa vyakula vyake halisi na Mteksasi ananyimwa ubunifu wake.

Na sisi tusijione tuko mbali na kosa la majina. Tunasema mahindi, neno linalotupeleka India, wakati mmea huo ulizaliwa kusini mwa Meksiko, ambako wakulima waliufuga kutokana na nyasi ya mwituni takriban miaka 9,000 iliyopita. Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593, ndio wanaohesabiwa kuwa walileta mazao ya Marekani kwenye pwani yetu. Pilipili tumeipa jina la viungo vya Kihindi. Hakuna Mswahili anayekula ugali na maharagwe akafikiri kwamba sahani yake nzima imetoka kwa watu wa asili wa Meksiko na jirani zao. Nilikula chakula hicho miaka yote ya shule bila kuwashukuru.

Mahindi pia yalisafiri bila chokaa yake. Hili Doña alinionyesha kwa vitendo, kwa sababu kwa ajili ya chapati zake hununua unga ulioandaliwa kwa njia ya kale: punje huchemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa hadi ganda litoke, kisha ndipo husagwa. Chokaa ni ya jamii ile ile ambayo bibi zetu waliipaka kwenye jani la tambuu. Inalainisha punje, inaupa unga harufu yake, na juu ya yote inafungua vitamini ya niasini ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri kwenye mahindi yasiyotiwa chokaa. Mataifa yaliyochukua mahindi bila kuchukua ufundi huo, kama Italia ya kaskazini na majimbo ya kusini ya Marekani, yalipata ugonjwa wa pelagra kati ya maskini waliokula mahindi matupu. Wanawake wa Meksiko walikuwa na dawa yake jikoni muda wote huo. Chapati hizo zikikatwa pembetatu, zikakaangwa na kunyunyizwa chumvi, ndizo vipande vya kuchovyea. Tukazikaanga kwa mafungu madogo, mafuta yakiwa moto kweli, kwa sababu kipande kilichonyonya mafuta hupinda na kumwangushia mgeni chakula mapajani.

Parachichi lilikuja saa tano. Doña alikuwa na manane ya aina ya Hass, lile lenye ganda la mabonge ambalo huiva likawa jeusi. Hass zote duniani zimetokana na mti mmoja uliooteshwa California na tarishi wa posta, Rudolph Hass, aliyepewa hataza yake mwaka 1935. Mti mama ulikufa 2002. Watoto wake leo wako Murang'a, wako Njombe, wako Rungwe, na wengi zaidi wako katika jimbo la Michoacán huko Meksiko, ambako ndiko hutoka sehemu kubwa ya maparachichi yanayoliwa Marekani siku ya Super Bowl. Biashara hiyo haina historia ndefu: kuanzia 1914 hadi 1997 Marekani ilizuia maparachichi ya Meksiko yasiingie, kwa hofu ya wadudu. Na haina amani. Mwezi Februari 2022, siku chache kabla ya fainali, uagizaji kutoka Michoacán ulisimamishwa kwa wiki moja hivi baada ya mkaguzi wa Kimarekani kutishiwa. Wakulima wa huko hutozwa na magenge, na misitu ya milimani hukatwa kupisha mashamba. Nilipokuwa nikitoa kokwa nilifikiri juu ya mkulima wa huko, ambaye usiku ule hangekuwa akiangalia mpira wowote.

Kuchagua parachichi Doña anafanya kama sisi: anaminya karibu na kikonyo, si tumboni. Kuponda anafanya kwa mchi wa jiwe, kwa mikandamizo michache, mabonge yabaki. Anatanguliza kusaga chumvi, kitunguu, pilipili mbichi na giligilani hadi viwe rojo, ndipo parachichi linafuata, na ndimu mbili. Wengi huvichanganya vyote pamoja mwishoni; ladha huwa imekaa juu juu. Jina guacamole ni la Kinahuatl kilichopita katika kinywa cha Mhispania: ahuacatl ni parachichi, molli ni mchuzi.

Sasa somo la maji, ambalo ndilo nililolifuata. Doña alikata kila nyanya mara mbili, akatoa mbegu na ute kwa kidole, akabakiza nyama tu. Akaikata vidogo, akaitia chumvi, akaiacha kwenye chujio nusu saa, kisha akaikandamiza kwa kitambaa safi. Zeituni zilizotoka koponi alizikausha kwa kitambaa hicho hicho. Vitunguu vya majani aliviosha mapema vikapata muda wa kukauka. Jibini aliipara mwenyewe, kwa sababu ile iliyoparwa kiwandani hupakwa wanga isigandamane, na wanga huo huonekana mdomoni. Krimu aliikoroga na bizari, chumvi na pilipili ya unga, bila tone la maji. Huku kwetu ambako krimu chachu ni adimu, nimeshajaribu mtindi uliotundikwa kwenye kitambaa usiku kucha hadi maji yake yote yashuke, na unafaa kabisa.

Na mpangilio, nikagundua, haukupangwa kwa ajili ya macho tu. Maharagwe yako chini kwa sababu ndiyo mazito na ndiyo yanayoshika kioo. Parachichi liko chini ya krimu kwa sababu hewa ndiyo inayolifanya jeusi, na krimu ikitandazwa hadi ikagusa kioo pande zote nne huwa kifuniko. Jibini juu ya krimu inaipa nyanya sakafu kavu. Pembe moja tu niliyoiacha wazi Ijumaa ndiyo iliyoharibu kijani changu. Tulipanga hadi jibini, tukaiweka friji; nyanya, zeituni na vitunguu vilisubiri kwenye bakuli zao hadi wageni walipokuwa mlangoni.

Walikuja kama watu 20, kila mmoja na chombo chake. Manesi wenzake dada, waume zao, yule bwana wa Monterrey, na mama mmoja kutoka Bukavu ambaye aliletwa Texas na mpango wa wakimbizi na sasa anafanya usafi hospitalini hapo. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alishika mashavu yangu. Aliita parachichi avoka, mimi parachichi, mtoto wa dada avokado, Doña aguacate, na sote tulikuwa tunaonyesha bakuli moja. "Hii iko muzuri sana," mama akasema baada ya kuchota mara ya kwanza, na akahamishia kiti chake karibu na meza.

Kuna adabu ya sahani hiyo na wageni wote waliijua. Kipande ulichokwisha kuking'ata hakirudi bakulini. Unachota mbele yako, huvuki upande wa mwenzako, huchimbi kutafuta parachichi ukaacha maharagwe. Mwanamke yeyote wa pwani aliyelelewa kula kwenye sinia angeweza kukaa pale bila kufundishwa neno. Nilimwambia dada hivyo, naye akasema ndiyo maana anakipenda chakula hiki kuliko vyote vya huko: ndicho cha pekee kwenye meza za Wamarekani kinachowalazimisha kusogeleana.

Mpira wenyewe sikuuelewa. Husimama kila baada ya sekunde chache, na hapo ndipo watu husogea mezani. Kufikia mapumziko ya nusu ya mchezo bakuli lilikuwa limebaki na mistari pembeni, na kijana mmoja alikuwa akiifuta kwa kipande cha mwisho. Maji hayakuwepo hata tone. Doña, aliyekaa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, alinyoosha shingo akaangalia ndani, akanitazama, akafumba macho na kuyafumbua. Kwa mwalimu wa aina yake niliona hizo ni alama za kutosha.

Bakuli lile la kioo lilikuwa lake, na kwetu Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu. Jumatatu niliamka saa kumi na moja, nikakanda unga kwa tui na iliki. Saa tatu nilivuka barabara na bakuli limefunikwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mandazi 24, bado ya moto.